Nyumba Karibu na Kila Kitu

Jumamosi ile Tumpe aliamka kabla jogoo wa jirani hajawika. Alijitanda kanga mbili kwa ajili ya baridi, akabeba ndoo, ufagio na dekio, akapanda kilima cha Bulyaga, pale Tukuyu, kwenda kuifanyia usafi nyumba ambayo kwa miaka minne na nusu alikuwa akiiita nyumbani, moyoni mwake tu, bila kumwambia mtu.

Gwakisa alikuwa amempigia simu Jumatano kutoka Chunya, alikofanya kazi ya ufundi wa mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu.

"Nakuja Jumamosi," alisema, sauti ikikatikakatika. "Ila siji peke yangu."

"Unakuja na nani?"

"Na mama, nitamkuta stendi akitokea Kisiba. Na... tutaongea nikifika, Tumpe."

Tumpe alikata simu akacheka peke yake kama mwendawazimu. Mwanamume anayemleta mama yake aione nyumba iliyokwisha, halafu anasema tutaongea nikifika, ana neno gani jingine zaidi ya posa? Alikuwa na miaka thelathini na moja. Mama yake mzazi alikuwa ameshachoka kumwonya kwamba nyumba ya mwanamume haisimamiwi na mchumba. Leo, alijiambia, mama atakoma kusema.

Akapiga deki vyumba vyote. Akafuta vioo vya madirisha ya aluminiamu mpaka mlima Rungwe ukaonekana ndani yake. Akasimama sebuleni akaitazama kazi yake, maana kweli ilikuwa kazi yake. Gwakisa alituma fedha, lakini ni Tumpe aliyesimama na fundi Muddy kwenye matope tangu msingi, mwalimu wa shule ya msingi aliyejifunza kutofautisha mchanga wa mtoni na wa shimoni. Ni Tumpe aliyechagua bati la kijani. Ni yeye aliyesema chumba kikubwa kitazame mashariki, na ni yeye aliyefuatilia maji na umeme mpaka vikaingia. Hata kiwanja alikitafuta yeye. Kila jioni, akiwa amechoka hoi, alimwandikia Gwakisa ujumbe kuhusu nyumba yao na mtaa wao, na Gwakisa alijibu kwa alama ya moyo.

Saa nne gari jeupe aina ya Noah lilipanda polepole barabara ya moramu, likasimama getini. Tumpe alivua kanga ya kazi, akabaki na gauni lake la maua, akajifuta mikono, akatoka.

Wa kwanza kushuka alikuwa Mama Tulia, mama yake Gwakisa, na kikapu chake mkononi. Wa pili Gwakisa. Alikuwa amenenepa kidogo, na ndevu alizoahidi kuzinyoa bado alikuwa nazo. Moyo wa Tumpe ukaruka kama siku zote. Akapiga hatua mbili kumwendea.

Gwakisa hakumtazama. Aligeuka, akafungua mlango wa nyuma, akanyoosha mkono. Mkono wake ukapokewa na mkono mdogo wenye hina iliyoanza kufifia, na taratibu akateremka msichana mfupi, mweusi wa kung'aa, aliyeshika kiuno kwa mkono wa pili. Tumbo lilimtangulia. Miezi saba, Tumpe alikadiria, na akashangaa akili yake inawezaje kufanya hesabu wakati ule.

Mama Tulia ndiye aliyewahi kusema. "Lilian, mkwe wangu, huyu ndiye dada Tumpe niliyekuambia. Ndiye aliyekuwa anatusimamia ujenzi."

Msichana akatabasamu, akakunja magoti kwa shida. "Shikamoo dada."

Tumpe alimtazama Gwakisa. Gwakisa alikuwa anatazama tairi la gari. Manyunyu yalikuwa yameanza, na wote watatu walisimama wanamngoja yeye ajibu ndipo waingie.

"Marahaba," Tumpe alisema. "Karibuni."

*

"Kwanza ndaga fijo," Mama Tulia alisema, akiufunga mlango wa jiko nyuma yao. "Asante sana, mwanangu. Nyumba nimeiona. Hata marehemu mume wangu asingeisimamia hivi."

"Yule ni nani, mama?"

"Si umemwona."

"Nataka nisikie."

Mama Tulia akatua kikapu sakafuni. "Ni mke wa Gwakisa. Wamefunga ndoa mwezi uliopita, kanisani kwao huko huko Chunya. Wazee wake walimbana mwanangu, na hali unaiona."

Tumpe alishika ukingo wa meza ya jiko, ile ya zege iliyovalishwa marumaru nyeupe. "Ulikuja hapa siku tunamwaga zege la msingi," alisema. "Ukawapikia mafundi chai. Ukaniita mkwe mbele yao."

"Nilikuita."

"Sasa nimekosa nini?"

"Wewe hujakosa, gwe Tumpe. Wewe sijawahi kukuona na kosa." Mama mzee akashusha sauti. "Ni yule kaka yako. Mungu amrehemu."

Tumpe hakuamini masikio yake. Kaka yake, Lukasi, alikuwa na kifafa. Alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita, alipoanguka kando ya mto akiwa peke yake.

"Lukasi alianza kuanguka baada ya malaria kupanda kichwani, akiwa na miaka minne. Hospitali walisema. Mnajua nyote."

"Ndivyo mnavyosema kwenu. Lakini mimi mwanangu wa kiume ni mmoja tu. Ugonjwa ule unaruka, leo huyu, kesho mjukuu. Nilimwambia Gwakisa tangu mwanzo, binti ni mzuri, mchapakazi, ila damu ile siiwezi."

"Tangu mwanzo lini?"

Mama Tulia akaanza kupanga vitu vilivyokuwa kwenye kikapu, ambavyo havikuhitaji kupangwa.

"Mama, nakuuliza. Kabla ya msingi?"

Mama Tulia aliendelea kupanga. Bati likaanza kupigwa na mvua juu yao, taratibu, kisha kwa nguvu. Jibu lilikuwa kwenye kimya kile, na Tumpe alilielewa lote kwa mara moja: chai ile, neno lile mkwe, baraka zile kila alipokwenda Kisiba kusalimia. Walihitaji mtu wa kuaminika wa kusimamia saruji, na mtu huyo alikuwa yeye.

"Sikuombi uridhike," Mama Tulia alisema mwishowe, na la kutisha ni kwamba macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. "Nakuomba tu usimwambie yule mtoto wa watu. Presha inampanda. Kliniki wamesema asishtuliwe. Wewe ni mwalimu, mtu mzima. Mimba haina kosa, mwanangu."

Kabla Tumpe hajapata la kujibu, mlango uligongwa kidogo, ukafunguka. Lilian alichungulia.

"Samahanini. Dada Tumpe, mama amesema garini kwamba wewe unaujua mtaa huu kuliko wote. Mvua ikitulia unaweza kunitembeza kidogo? Miguu imevimba kwa kukaa. Halafu nikibaki ndani nitalala, na usiku nikose usingizi."

Mama Tulia alimtazama Tumpe kwa macho ya kusihi. Na Tumpe, ambaye alikuwa anahisi akikaa dakika moja zaidi mle ndani atapiga yowe, alisema, "Vaa viatu vya chini. Njia inateleza."

*

Mvua ya Tukuyu haitulii, hupungua tu. Walitoka na mwavuli mmoja, Tumpe akiushika kwa sababu ya urefu wake, Lilian akiwa amemshika mkono kwa kuogopa kuteleza. Kwa mbali mtu angedhani ni ndugu.

"Huku inanyesha hivi kila siku?" Lilian aliuliza.

"Karibu kila siku."

"Kwetu Chunya tungeshukuru. Mimi nimekua nachota maji ya foleni." Alicheka kidogo. "Na migomba yote hii! Ya nani?"

"Hii ni ya Mama Yona, jirani yako wa kwanza. Bibi mmoja mwema. Ukimsalimia, mwambie ugonile, atafurahi. Ukiishiwa chumvi, gonga kwake."

Tumpe alisikia sauti yake ikiendelea, tulivu, kama yuko mbele ya darasa. Alimwonesha genge la Rukia na mumewe Yunusu, wauza nyanya na dagaa, ambao hufunga mapema Ijumaa kwa sababu ya msikiti. Alimwonesha mashine ya kusaga, akamwonya asiende Jumatatu, maana foleni inafika barabarani. Alimwonesha chemchemi ya kuchota maji siku bomba likikatika, na kijiwe cha bodaboda, na kijana mmoja pale kijiweni asiyeendesha kwa fujo, wa kumwita siku ya uchungu.

"Siku ya uchungu," Lilian alirudia, akajishika tumbo. "Naogopa, dada. Mama yangu yuko mbali."

"Zahanati ile pale, penye paa jekundu. Hata kwa miguu unafika."

Nje ya nyumba za watumishi wa zahanati, nesi Aika, aliyehamishiwa Rungwe kutoka Moshi miaka miwili iliyopita, alikuwa anaanua nguo. Alimpungia Tumpe mkono. "Mwalimu! Wageni wako wamefika? Leo ni leo, eh?"

"Wamefika," Tumpe alijibu, na akaharakisha hatua.

Lilian aligeuka kumtazama nesi, kisha akamtazama Tumpe.

Walifika kwenye uzio wa shule. Uwanja ulikuwa mtupu, majani yamelowa. Tumpe alifundisha darasa la pili katika jengo lile la kona. Alikuwa amekitafuta kiwanja hiki kwa ajili hiyo, ili asubuhi atoke mlangoni aingie kazini, na mchana arudi kumnyonyesha mtoto wakati wa mapumziko. Alikuwa amepanga mpaka hilo.

"Kumbe ndiyo hii shule," Lilian alisema kwa furaha, akashika waya wa uzio. "Gwakisa aliniambia. Unajua, dada, mimi mwenzio nilikuwa simtaki? Nilikuwa namsaidia shangazi kupika pale machimboni, na wanaume wa machimbo nawajua. Wana maneno ya siku moja. Huyu alikuwa kimya, anakula, anaondoka. Halafu jioni moja akanisomea vitu alivyoandika kwenye simu, kuhusu nyumba anayojenga. Siku hiyo ndiyo nikalainika."

Tumpe aliusikia mkono wake ukibana mpini wa mwavuli. "Vitu gani?"

"Maneno mazuri. Mengine nimeyashika kichwani mpaka leo." Lilian akafumba macho kidogo, kama mtoto anayekariri. "'Shule iko karibu mpaka kengele yake itakuwa saa yetu. Zahanati iko karibu mpaka nesi atasikia mtoto wetu akilia. Kila kitu kiko karibu, wewe tu ndiye uko mbali.'" Akafumbua macho. "Si nzuri? Nikamuuliza, mimi niko mbali wapi na nimekaa hapa mbele yako? Akacheka. Akasema ni maneno tu."

Mvua iliendelea kunyesha juu ya uwanja wa shule. Tumpe alikumbuka siku aliyoyaandika maneno yale. Alikuwa ameketi juu ya rundo la matofali, vidole vina nyufa za saruji, simu ikibakiza chaji kidogo, na alikuwa ameifuta ile sentensi ya mwisho mara mbili kwa aibu kabla ya kuituma.

"Dada, unalia?"

"Ni mvua. Mwavuli huu mdogo." Akageuka. "Turudi. Usipigwe na baridi."

*

Nyumbani Mama Tulia alikuwa amejilaza, na Gwakisa yuko nje uani akijidai anakagua tanki la maji. Lilian alisema atapika chai mwenyewe, hiyo ni nyumba yake, aanze kuizoea. Tumpe alikuwa anachukua ndoo yake na ufagio wake aondoke, aliposikia kimya kirefu kutoka jikoni. Akaingia.

Lilian alikuwa amesimama mbele ya meza ya jiko na kisu na tangawizi. Meza ilimfika kifuani. Ili akate ilimbidi ainue viwiko kama ndege anayetaka kuruka, na tumbo likamzuia asisogee. Alijaribu tena, kisha akaweka kisu chini.

Alipogeuka, alimtazama Tumpe kuanzia miguuni, polepole, kiunoni, mabegani, mpaka juu alikoishia.

"Dada, njoo usimame hapa," alisema.

"Lilian, mimi naondoka..."

"Njoo tu."

Tumpe akaenda. Ukingo wa marumaru ulikaa sawasawa chini ya kiwiko chake, kama ulivyopimwa na fundi Muddy siku ile, akicheka na kusema, simama wima mama mwenye nyumba, nisikuharibie mgongo.

Lilian aliuona.

"Yule nesi alisema wageni wako. Kule gengeni wamekuita mama mwenye nyumba, ukajifanya hujasikia. Nilidhani ni utani wa huku." Akashusha pumzi. "Wewe ni nani wake?"

"Nilisimamia ujenzi."

"Sijakuuliza hivyo."

Tumpe alikuwa na maneno yote mdomoni. Angeweza kuyamwaga pale, moja moja, na yangekuwa kweli. Aliutazama uso ule wa kitoto uliovimba kwa mimba, akaangalia vile vidole vya miguu vilivyojaa ndani ya malapa, na maneno yakamkwama.

"Maneno yale ya kwenye simu," Lilian alisema taratibu, "yalikuwa yako."

Tumpe hakukubali wala hakukana. Lilian akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akaziba uso kwa upindo wa kanga. Hakupiga kelele. Alilia kama mtu aliyezoea kulia chumba chenye watu waliolala.

"Siwezi kurudi," alisema kutoka ndani ya kanga. "Baba amesema mlango wake niliutoka na mimba, nisiurudie. Mahari imeshaliwa, shangazi ameshapata msichana mwingine wa kupika. Dada, nisamehe. Sikujua. Haki ya Mungu ningejua..." Akaacha, kwa sababu hata yeye aliona kwamba kujua kusingebadilisha chochote. "Niambie nifanye nini."

Tumpe alichuchumaa, akamshika magoti. Mikono yake ilikuwa ya baridi, ya Lilian ya moto. Wanawake wawili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na pa kwenda.

"Mwite fundi Muddy," Tumpe alisema. "Yuko mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, ukiuliza wanamjua. Mwambie aivunje hii meza, aishushe. Usikubali akwambie utazoea. Utaumia mgongo."

"Dada..."

"Na kesho kutwa nenda kwa Aika, yule nesi, akupime presha. Usingoje miguu ivimbe zaidi."

*

Gwakisa alimkuta kwenye upenu wa nyuma. Alikuwa amelowa mabega, na kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama usoni. Tumpe alijichukia kwa jinsi mwili wake bado ulivyoyajua macho yale. Kwa miaka kumi na saba ndiyo macho aliyowapimia wanaume wengine wote, wakapungua.

"Nisikilize kwanza," Gwakisa alisema.

"Nasikiliza."

"Ilitokea mara moja. Mbili. Nilikuwa mpweke kule, Tumpe, wewe hujui machimbo. Alipopata mimba, ndugu zake walikuja sita. Na mama akasema ni Mungu amefungua njia. Kila mtu alikuwa anaongea, mimi sikupata nafasi." Akasogea. "Moyo wangu haujahama. Nipe mwaka mmoja. Mtoto akizaliwa nitamrudisha Chunya, nitampangia chumba. Au nikupangie wewe, popote utakapo, Mbeya mjini. Hakuna atakayejua."

"Mama amesema alikukataza tangu kabla ya msingi."

Gwakisa akafuta maji usoni kwa kiganja.

"Kwa sababu ya Lukasi."

"Unawajua wazee, Tumpe."

"Namjua Lukasi. Na wewe unamjua. Tulipokuwa darasa la saba, alipoanguka uwanjani na watoto wote wakakimbia, ni wewe ulimbeba mgongoni mpaka kwetu. Mate yake yalikutiririka shingoni, hukujifuta. Siku ile ndiyo niliyokupenda. Sikukupenda siku nyingine." "Mama yako aliposema damu ile haiwezi, ulimjibu nini?"

Maji yalikuwa yanashuka kutoka kwenye bati hadi kwenye mfereji ambao Tumpe aliwasimamia mafundi waujenge mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza waliukosea mteremko.

"Gwakisa. Ulimjibu nini?"

"Sikusema kitu," alisema.

"Hata neno moja?"

"Nilidhani atabadilika. Nilidhani nyumba ikiisha, akiiona..."

"Na meseji zangu ulimsomea yule mtoto."

Hapo ndipo Gwakisa alipoinamisha kichwa kabisa. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikuwa na maneno yangu mwenyewe."

Tumpe alingoja hasira ije. Alikuwa anaitegemea hasira hiyo imtoe pale. Haikuja. Kilichokuja ni uchovu, na nyuma ya uchovu upendo ule ule wa zamani, umekaa palepale, haujui kwamba nyumba imeshapata mwenyewe. Alimwona mwanamume huyu kama alivyo, mwoga, mwenye macho mazuri, na bado angempa chochote. Hilo ndilo lililomtisha.

"Nichukie basi," Gwakisa alisema. "Nitukane. Nitapata nafuu."

"Ndiyo maana sikutukani."

Akatoa kifungu cha funguo kutoka kwenye mfuko wa gauni. Akamwekea kiganjani mmoja mmoja, kama anavyokabidhi vitabu mwisho wa muhula. "Huu mlango mkubwa. Huu wa stoo. Huu wa geti unakataa mvua ikinyesha, uinue geti kidogo ndipo uzungushe. Mita ya umeme, namba yake nimeibandika ndani ya kabati."

Vidole vyao viligusana. Gwakisa akavishika, akavibana na funguo katikati. "Usiende hivi."

"Niende vipi?"

Jibu hakuwa nalo kwa mama yake, hakuwa nalo kwa ndugu sita wa Chunya, angelipata wapi leo. Kutoka jikoni sauti ya Lilian iliita, ikiwa imekauka kwa kulia lakini ya adabu, "Baba, chai tayari." Kwa muda mfupi wote wawili walibaki wameshikana mikono, wanasikiliza neno lile, Baba. Kisha vidole vya Gwakisa vikalegea, kimoja baada ya kingine, naye akaingia ndani.

Tumpe akachukua ndoo yake na ufagio, akazunguka nyumba kwa upande wa nje asipite sebuleni. Aliacha dekio. Lingewafaa.

Hakuwa amefika mbali alipoitwa kutoka kwenye migomba. Ni Mama Yona, mgongo umepinda, gunia la plastiki limefunika kichwa, na mkononi anakokota mkungu mkubwa wa ndizi mbivu ambao bila shaka aliutunza kwa siku nyingi chini ya majani makavu.

"Gwe Tumpe! Nimeona gari!" Uso wote ulikuwa unacheka. "Mwana gwangu, mmehamia leo?"

Tumpe alisimama. Mvua ilimwingia shingoni.

"Wamehamia, bibi," alisema.

"Eh?"

"Wamehamia. Mwenye nyumba yuko ndani, anaitwa Lilian. Ni mjamzito, ndizi zitamfaa."

Bibi kizee alimtazama, akatazama ndoo na ufagio, akatazama bati la kijani kule juu. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Akautua mkungu kwenye matope. Tumpe akamwinamia kwa heshima, akashika njia. Akateremka kilima kwa uangalifu asiteleze, kwenye barabara ile ile ambayo Jumatatu, kabla ya saa moja asubuhi, angeipanda tena kwenda kufundisha.